Kiwanja na Kibarua: Matumizi ya Ardhi na Fedha za Ajira katika Utawala wa Jiji la Nairobi, 1948–2024

Februari 1964, miezi miwili baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, serikali ya Kenya, waajiri wa sekta binafsi na vyama vya wafanyakazi walifikia makubaliano yaliyokuja kujulikana kama Mapatano ya Pande Tatu. Serikali iliahidi kuongeza wafanyakazi wake kwa asilimia 15 na waajiri binafsi kwa asilimia 10. Vyama vya wafanyakazi navyo vikakubali kutogoma na kutodai nyongeza ya mishahara kwa muda wa mwaka mmoja. Zaidi ya watu 200,000 walijitokeza kujiandikisha kuwa hawana kazi. Waliopata nafasi walikuwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Mapatano ya namna hiyo yalirudiwa mwaka 1970, na matokeo yake hayakutofautiana sana na yale ya kwanza.

Wanauchumi wanayakumbuka mapatano hayo kwa sababu maalumu. Michael Todaro na John Harris, waliofanya utafiti jijini Nairobi katika miaka hiyo, walijenga nadharia kwamba kila nafasi ya kazi inayofunguliwa mjini huweza kuvuta watafutaji zaidi ya mmoja kutoka mashambani, hivi kwamba jitihada ya kupunguza ukosefu wa ajira ikauongeza. Hoja hiyo imefundishwa vyuoni kwa zaidi ya nusu karne. Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba Baraza la Jiji la Nairobi, lililokuwa na jukumu la kupanga ardhi na kujenga nyumba za kupangisha, halikuwa mojawapo ya zile pande tatu. Serikali iliwaita watu kujiandikisha kwa ajili ya kazi. Hapakuwa na aliyeulizwa wangelala wapi, wala wangefanyia wapi shughuli zao wale ambao majina yao hayangesomwa.

Makala hii inafuatilia pengo hilo tangu mpango wa mji wa mwaka 1948 hadi leo. Inadai kwamba Nairobi imezoea kuamua masuala ya ardhi na masuala ya ajira kwa njia mbili zisizokutana. Ardhi imeamuliwa kwa utaratibu mrefu wa kamati, ramani na sheria ndogo, ilhali ajira ya umma imetolewa kwa matangazo ya dharura kutoka juu. Kwa mkazi wa kipato cha chini, kiwanja na kibarua ni jambo moja, maana mlango wa nyumba ndio duka, ua ndio karakana, na chumba cha pili ndicho kinachopangishwa ili karo ya watoto ipatikane. Utaratibu wa ardhi unaopuuza ukweli huo huondoa ajira nyingi kuliko zile ambazo hazina ya serikali inaweza kuzinunua kwa malipo ya kutwa.

Urithi wa mpango wa 1948

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na tangu mwanzo ruhusa ya Mwafrika kukaa mjini ilifungwa na kazi aliyoajiriwa. Pumwani ilipofunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, utawala wa mji ulihodhi pia uuzaji wa pombe humo, na faida yake ikagharimia huduma za wakazi hao hao. Mfanyakazi alijilipia zahanati na ukumbi kwa kinywaji chake. Huo ulikuwa mfumo wa fedha uliokuwa na mantiki yake ya kikatili, lakini angalau ulikiri kwamba mapato ya baraza na mfuko wa mkazi vina uhusiano.

Mpango mkuu wa mwaka 1948, ulioandaliwa na Thornton White, Silberman na Anderson kutoka Afrika Kusini, uliuweka uhusiano huo kando. Uligawa mji katika kanda: viwanda upande wake, ofisi upande wake, na makazi katika vitongoji vilivyokusudiwa kuwa na shule, bustani na maduka machache. Hadhi ya jiji ilipotolewa mwaka 1950, mantiki hiyo ndiyo iliyoongoza ujenzi wa mitaa ya Eastlands. Ilikuwa mantiki ya mtu mwenye mshahara, anayeondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Haikumpa nafasi fundi wa mabati anayefanya kazi uani kwake, wala mama anayekaanga mandazi barazani.

Uhuru ulibadilisha watu waliokaa katika viti vya baraza kuliko ulivyobadilisha kanuni walizozisimamia. Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika, alishika wadhifa huo mwaka 1962. Mwaka uliofuata mipaka ya jiji ilipanuliwa hadi kufikia takribani kilomita za mraba 690, na maeneo kama Kawangware na Kangemi, yaliyokuwa na mashamba madogo na nyumba za kupangisha, yakaingizwa chini ya kanuni za jiji kwa siku moja. Kanuni za ujenzi zilizochapishwa mwaka 1968 zilifuata kwa kiasi kikubwa mfano wa Uingereza. Palikuwa na sheria ndogo za daraja la pili zilizoruhusu vifaa vya bei nafuu, lakini zilitumika tu pale ambapo eneo lilikuwa limetengwa rasmi kwa ajili hiyo. Kutengwa rasmi kulihitaji uamuzi wa baraza, na uamuzi wa baraza ulihitaji mtu wa kuuomba.

Baraza na kamati zake

Ili kuelewa kwa nini ombi hilo halikuletwa, inafaa kuangalia jinsi baraza lilivyofanya kazi. Chini ya Kanuni za Serikali za Mitaa za mwaka 1963, madiwani waligawanyika katika kamati: fedha, mipango ya mji na ujenzi, afya, elimu, nyumba na huduma za jamii. Mwenye kiwanja aliyetaka kujenga ghorofa, au kubadilisha matumizi kutoka makazi hadi biashara, alileta michoro yake. Ilipitiwa na wahandisi na maafisa wa afya, majirani wakapewa nafasi ya kupinga, kamati ikatoa pendekezo, kisha kikao cha baraza zima kikathibitisha. Mahali ambapo ardhi ilikuwa ya serikali iliyokodishwa, Kamishna wa Ardhi alikuwa na neno lake pia. Mlolongo huo ulichosha na ulikuwa na mianya ya rushwa, lakini ulimpa mwombaji mambo matatu yenye thamani: tarehe, kumbukumbu ya maandishi na haki ya kujitetea.

Mkazi wa Mathare au wa vibanda vya kando ya reli hakuwa na michoro wala hati. Kwa hiyo hakuwa mwombaji, na asiye mwombaji hana faili. Jina la mtaa wake liliingia katika mashauri ya baraza kupitia mlango mwingine: taarifa za afya, malalamiko ya majirani, na utekelezaji wa sheria ndogo. Hapo alikutana na askari wa jiji, ambao wakazi waliwaita kanjo, jina lililotoholewa kutoka katika jina la baraza lenyewe. Ni jambo la kutafakari kwamba kwa wakazi wengi neno hilo halikumaanisha ukumbi wa madiwani. Lilimaanisha rungu na lori.

Sababu ya pili ilikuwa ya fedha. Katika muongo wa kwanza wa uhuru, baraza lilitegemea vyanzo viwili vikuu vya kodi. Kimoja kilikuwa ushuru wa viwanja, unaokadiriwa kwa thamani ya ardhi. Cha pili kilikuwa kodi ya mtu binafsi iliyopangwa kwa viwango kulingana na kipato. Kodi hiyo ya pili haikupendwa, na ukusanyaji wake ulikuwa na udhalilishaji wake. Hata hivyo ilikuwa na athari moja ambayo wanahistoria wa fedha za miji wanapaswa kuipa uzito: ilimfanya kila mwenye kipato, hata kidogo, kuwa mlipaji wa baraza. Kazi mpya ilipopatikana jijini, hazina ya jiji ilifaidika moja kwa moja.

Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1974. Serikali kuu iliahidi ruzuku ya kufidia, lakini ruzuku haikuziba pengo, na tangu hapo baraza likawa linategemea zaidi ushuru wa viwanja, mauzo ya maji, kodi za nyumba zake na ada za leseni. Madhara yake hayakuwa ya hesabu tu. Ajira mpya mia moja katika karakana za Gikomba hazikuliongezea baraza kitu cha maana, ilhali jengo moja jipya katikati ya jiji liliongeza thamani ya kukadiriwa. Diwani aliyepima maslahi ya hazina ya jiji kwa uaminifu kabisa alikuwa na sababu ya kupendelea kiwanja kilichopimwa kuliko mtu anayefanya kazi. Kuwalaumu madiwani wa miaka hiyo kwa ubinafsi pekee, kama wengi wafanyavyo, ni kuacha upande mkubwa wa maelezo.

Leseni zilikuwa daraja lililobaki kati ya ardhi na kazi, nalo lilikuwa jembamba. Mtu aliyetaka kuuza chakula kwa kibali alihitaji jengo lililokaguliwa. Jengo lililokaguliwa lilihitaji michoro iliyoidhinishwa. Michoro ilihitaji kiwanja halali. Mkazi wa kibandani alikwama katika hatua ya mwisho, hivyo alikosa hata ya kwanza. Mwaka 1970 baraza lilibomoa maelfu ya vibanda na kuwaacha makumi ya maelfu ya watu bila makao. Huo ndio mwaka wa mapatano ya pili ya ajira. Mkono mmoja wa dola ulikuwa ukiandika majina ya wasio na kazi wakati mkono mwingine ulikuwa ukivunja mahali walipojitafutia kazi.

Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972. Ripoti hiyo ndiyo iliyolisambaza duniani wazo la sekta isiyo rasmi. Sifa hiyo imefunika mapendekezo yake ya chini kabisa, yaliyoihusu moja kwa moja mamlaka ya jiji: kusitisha ubomoaji wa makazi yasiyo rasmi na kupitia upya mfumo wa leseni. Serikali ilijibu kwa waraka wa sera kuhusu ajira, Waraka Na. 10 wa mwaka 1973, uliokubali sehemu kubwa ya mapendekezo kwa kauli. Mwaka huo huo wapangaji wa jiji walitoa mkakati mpya wa ukuaji uliotaka vituo vya kazi vitawanywe badala ya kurundikwa kusini mashariki. Waraka mmoja ulitoka upande wa ajira, mwingine upande wa ardhi. Kwa mara ya kwanza vilisema jambo linalokaribiana.

Dandora

Mahali pekee ambapo mambo hayo mawili yalijaribiwa kwa pamoja kwa kiwango kikubwa ni Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kugharimia mradi wa viwanja 6,000 vyenye huduma, mashariki mwa jiji. Kila kiwanja kilikuwa na maji, msala na bafu. Baadhi vilikuwa na chumba kimoja au zaidi. Mwenye kiwanja angejenga kilichosalia kwa kasi ya mfuko wake, akisaidiwa na mkopo wa vifaa vya ujenzi. Baraza liliunda idara maalumu ya maendeleo ya nyumba kusimamia kazi hiyo. Kigezo cha kupewa kiwanja kilikuwa kipato cha chini, na waombaji walizidi nafasi mara kadhaa.

Mradi haukuanza kwa wepesi. Mvutano ulikuwa juu ya viwango. Kwa upande wa wafadhili na wataalamu wa mradi, bila kulegeza kanuni za ujenzi, gharama ingempita mtu aliyekusudiwa. Kwa upande wa wengi katika baraza na katika wizara, kulegeza kanuni kulikuwa sawa na kujenga mtaa wa mabanda kwa fedha za mkopo ambao jiji lingeulipa. Msimamo huu wa pili umedhihakiwa sana katika maandishi ya wafadhili, lakini haukuwa wa kipuuzi. Madiwani waliokuwa wamekulia katika mji uliowatenga kwa rangi walikuwa na kila sababu ya kushuku kanuni za daraja la pili. Kwao, kiwango cha chini kilikuwa na historia, na historia hiyo iliitwa Pumwani. Ubaya ni kwamba heshima waliyoitetea ilikuwa ya jengo, na aliyeigharimia ni yule ambaye hangeweza kulipata.

Kilichofanyika Dandora baada ya viwanja kugawanywa ndicho kinachopaswa kuwashughulisha washauri wa sera. Mradi ulidhani kwamba wenye viwanja wangejenga kwa mikono yao wenyewe. Wengi hawakufanya hivyo. Waliajiri mafundi: mwashi kutoka mtaa wa jirani, seremala, mchimba msingi, mbeba maji, mama wa kuwapikia wote hao. Walijenga chumba cha kwanza, wakakipangisha, na kodi yake ikajenga cha pili. Wanawake waliokuwa vichwa vya kaya walikuwa sehemu kubwa ya wenye viwanja, na kwa wengi wao vyumba vya kupangisha vilikuwa pensheni ambayo hakuna mwajiri angewapa. Uamuzi wa matumizi ya ardhi, yaani ruhusa ya kujenga kidogo kidogo kwa vifaa nafuu na kupangisha, ulizaa ajira bila kuwapo kwa orodha ya vibarua.

Si busara kuipamba Dandora. Baadhi ya viwanja viliingia mikononi mwa wasiokusudiwa. Wapangaji wakawa wengi kuliko wenye nyumba. Na katika miongo iliyofuata maghorofa yaliyojazana yalipanda juu ya viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya nyumba za chini, bila mifereji ya maji taka kuongezwa kwa kadiri hiyo. Jaa kuu la taka la jiji, lililofunguliwa jirani katika miaka hiyo hiyo ya 1970, likawa kwa njia yake mahali pa kazi pa mamia ya waokotaji, na chanzo cha maradhi kwa watoto wao. Lakini kati ya mapatano ya 1964 na viwanja vya Dandora, ni viwanja vilivyoacha kazi ambayo haikuisha na mwaka wa bajeti.

Miaka bila madiwani

Machi 1983 Waziri wa Serikali za Mitaa, Moses Mudavadi, alilivunja baraza lililochaguliwa. Tume ya kuteuliwa ilikaa mahali pake hadi uchaguzi wa Desemba 1992. Sababu zilizotolewa zilihusu usimamizi mbaya wa fedha, na bila shaka ulikuwapo. Matokeo yake kwa utaratibu wa ardhi yalikuwa kwamba ngazi zote za mlolongo ule zilibaki, isipokuwa ile ya mkazi aliyeweza kumfikia diwani wake.

Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakifua vyuma chini ya jua, na baada ya hapo serikali ikajenga mabanda ya jua kali na kuwaahidi ardhi. Sera za mwaka 1986 na 1992 ziliitambua sekta hiyo kwa maneno ya sifa. Lakini ardhi iliyotolewa kwa neno la rais inaweza kuondolewa kwa neno jingine, na haikuwa na kumbukumbu za kamati za kuilinda. Mei 1990 mtaa wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi, ulibomolewa kwa nguvu, na baadaye mwaka huo ikafuata Kibagare. Wakati huo huo viwanja vya umma vilivyotengwa kwa masoko, shule na bustani vilikuwa vikigawiwa watu binafsi, kama Tume ya Ndung'u ilivyoeleza kwa kirefu katika ripoti yake ya mwaka 2004. Kiwanja cha soko kinaponyakuliwa, wachuuzi waliokusudiwa kukitumia hurudi barabarani, na huko huitwa tatizo la utaratibu wa jiji. Ni nadra kuona hasara hiyo ikihesabiwa katika takwimu za ajira.

Ulinganisho na Tanzania unasaidia kuonyesha kwamba Nairobi haikuwa pekee. Mwaka huo huo wa 1983, Tanzania ilipitisha sheria ya kusimamia nguvukazi, na katika kampeni iliyoitwa Nguvu Kazi watu walioonekana hawana kazi walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Huko tatizo lilishughulikiwa kwa kumwondoa mtu. Nairobi, kwa kuondoa kibanda chake. Nchi hizo mbili, zilizopingana katika karibu kila jambo la itikadi, ziliafikiana kwamba kazi isiyo na anwani iliyoidhinishwa si kazi.

Orodha za vibarua

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 1996 ilirekebisha taratibu za maombi na kuzipa fomu zinazofahamika na kila mchoraji ramani wa Kenya. Mwaka 1999 mabaraza yalianza kupokea asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa kupitia mfuko maalumu, na kwa namna fulani uhusiano uliokatwa mwaka 1974 ukarudi kwa mlango wa nyuma. Lakini mgao ulifuata kanuni ya kitaifa iliyozingatia zaidi idadi ya watu; haukumpa diwani wa Nairobi sababu ya kujali kama karakana za kata yake zimeongezeka au zimevunjwa.

Fedha za ajira zilirudi kwa sura ya zamani. Mwaka 2009, baada ya ghasia za uchaguzi, serikali ya muungano ilianzisha Kazi kwa Vijana chini ya ofisi ya Waziri Mkuu: kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kukarabati barabara kwa malipo ya kutwa. Benki ya Dunia ilichangia, kisha mwaka 2011 sehemu yake ikasitishwa kufuatia maswali kuhusu matumizi. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga shughuli za mjini, ulifuata mpango wa Kazi Mtaani, uliolenga hasa mitaa isiyo rasmi. Awamu yake ya pili ilitengewa shilingi bilioni 10 na kukusudia zaidi ya vijana 270,000 nchini kote.

Mpango huo uliwasaidia watu kula katika miezi migumu, na hilo si jambo dogo. Swali ni la utaratibu. Orodha za vibarua zilipita kwa machifu na kamati za mtaa, chini ya idara ya serikali kuu. Mamlaka ya kupanga ardhi, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, yalikuwa ya kaunti, ingawa Nairobi yenyewe ilikuwa mwaka huo imehamishia majukumu kadhaa, mipango ikiwemo, kwa chombo cha serikali kuu kilichodumu hadi 2022. Vijana walisafisha mitaro katika mitaa ambayo kwenye ramani rasmi haikuwa na mitaro, wala njia, wala nyumba. Kwa kuwa mtaro haukuwa katika mpango wowote, hapakuwa na idara yenye wajibu wa kuutunza fedha zilipokwisha.

Palikuwa na jaribio tofauti jirani kabisa. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yaani Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Takribani kaya 100,000 zilikuwa zikiishi hapo, kwenye ardhi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa na hati za watu binafsi. Kifungu kilichotumika kilikuwapo katika sheria ya 1996 kwa miaka mingi bila kutumiwa kwa namna hiyo. Wakazi, kupitia Muungano wa Wanavijiji na mashirika mengine, walishiriki kuandaa mapendekezo ya upana wa barabara, maji, shule na biashara. Suala la upana wa barabara lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Viwango vya kawaida vingebomoa nyumba na vibanda vingi. Barabara nyembamba zaidi zingeacha watu na riziki zao mahali pao. Hapo utaratibu wa matumizi ya ardhi ulikuwa ukijadili ajira waziwazi, mita kwa mita. Barabara kadhaa zilijengwa baadaye. Kisha Novemba 2021 sehemu ya Kwa Njenga ikabomolewa kupisha barabara nyingine, na makumi ya maelfu ya watu wakalala nje. Eneo maalumu halikuwalinda.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta mafuriko yaliyoua watu wengi kando ya mito ya Nairobi. Serikali iliagiza wote waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na nyumba za Mathare na Mukuru zikavunjwa. Baadaye mwaka huo serikali hiyo hiyo ilianzisha mpango mpya wa kuwaajiri vijana kwa malipo ya kutwa wasafishe mito ya jiji, wengi wao wakiwa wakazi wa mitaa hiyo hiyo. Hatari ya mto ni ya kweli, na hakuna mpango wa makazi unaoweza kuipuuza. Lakini kanuni za maji na za mazingira zinataja ukingo wa kati ya mita 6 na 30, kulingana na mto wenyewe. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna maelfu ya vyumba, maduka na karakana. Kuchagua kipimo kinachofaa kila sehemu ya mto ni uamuzi wa mipango ya ardhi, wenye upimaji, pingamizi na kumbukumbu, na unaweza kufanywa na kamati ya bunge la kaunti kwa sheria zilizopo. Kamati hiyo hiyo ina uwezo wa kudai iletewe, katika kikao hicho, orodha ya vibarua wa mto na bajeti yao, ili ijulikane ni mitaro ipi itachimbwa, kuta zipi zitajengwa, na nani atazitunza mkataba wa vijana utakapokwisha.